Somo la 6: Kwa Nini Mwanadamu Huchunguza Mbingu?

SABATO MCHANA

Soma kwa Ajili ya Somo la Juma Hili: Zaburi 8, Ayubu 38:31–33, Zaburi 19:1–4, Hesabu 13:17–33, Yohana 12:1–8, Yakobo 2:14–17, Mwanzo 11:1–9, 1 Wakorintho 13:9–12.

Fungu la Kukariri: Zaburi 8:3, 4. Lisome kwa sauti katika Biblia yako kila siku ya juma hili, mpaka uweze kulisema bila kufungua kitabu.

Mwaka 1970 mtawa mmoja wa Kikatoliki aliyekuwa akihudumu nchini Zambia, Sista Mary Jucunda, alimwandikia barua Ernst Stuhlinger, mwanasayansi wa NASA, shirika la anga la Marekani. Stuhlinger alikuwa amependekeza wanadamu wasafiri kwenda sayari ya Mirihi. Swali la mtawa huyo lilikuwa fupi na zito: inawezekanaje mtu apendekeze kutumia mabilioni ya dola kwa safari ya namna hiyo, wakati watoto wengi duniani wanakufa kwa njaa?

Tangu wakati huo vyombo vingi vimetumwa kwenye sayari, na darubini kubwa zimewekwa juu ya hewa ya dunia. Swali bado lipo. Huulizwa na mzazi asiye na karo, na kijana anayependa sayansi ambaye hajui kama kanisa lake litaifurahia kiu yake ya kujua. Wengine huogopa kwamba kuchungulia mbingu ni kuingilia mambo ya Mungu. Wengine hudhani kwamba darubini imekwisha kuthibitisha kuwa Mungu hayupo.

Juma hili somo linatazama sababu zinazomfanya mwanadamu atumie darubini na vyombo vya anga, jinsi vifaa hivyo vinavyofanya kazi, na jinsi Maandiko yanavyoipima kazi hiyo. Barua ya Sista Jucunda itajibiwa siku ya Jumatano.

Jifunze somo hili kwa maandalizi ya Sabato ijayo.


JUMAPILI

Nyota za Mkulima

Soma Ayubu 38:31–33 na Amosi 5:8. Ni makundi gani ya nyota yanayotajwa? Mafungu haya yanasema nani aliyeyafanya?

Msomaji wa Biblia ya Kiswahili hukutana hapa na jina lisilohitaji kufasiriwa: Kilimia. Jina lenyewe linahusiana na kulima. Kwa vizazi vingi wakulima wa Afrika Mashariki walilitazama kundi hili dogo la nyota ili kutambua majira ya mvua na ya kuandaa shamba. Mabaharia wa pwani nao walitazama nyota ili wajue njia usiku. Hiyo ndiyo sababu ya zamani kuliko zote ya kutazama juu, nayo inapatana na Mwanzo 1:14, ambapo mianga ya mbinguni inawekwa iwe ishara ya majira, siku na miaka.

Lakini mwanadamu hakuishia kwenye haja ya shamba. Katika usiku usio na mwezi, jicho zuri huhesabu nyota sita au saba za Kilimia. Mwaka 1609 Galileo Galilei, mwalimu wa hesabu nchini Italia, alisikia habari za kifaa kilichotengenezwa Uholanzi cha kuvuta vitu vya mbali, akajitengenezea darubini yake. Alipoielekeza Kilimia aliona nyota zaidi ya 40, na katika kitabu alichokichapisha mwaka 1610 alichora 36. Leo wanafalaki, yaani wataalamu wa elimu ya nyota, wanajua kwamba kundi hilo lina nyota zaidi ya 1,000. Januari ya mwaka huo huo wa 1610, Galileo aliona pia miezi minne ikiizunguka sayari ya Mshtarii, ambayo wengi huiita Jupita.

Darubini haikuongeza nyota hata moja mbinguni. Zote zilikuwepo Ayubu alipoulizwa swali lake, ila jicho halikuweza kuzifikia. Mboni ya jicho la mtu gizani hupanuka kufikia milimita 7 hivi, na nuru inayopita kwenye tundu hilo dogo ndiyo yote anayopata. Mtu anayetaka maji mengi ya mvua hakingi kwa kikombe, hukinga kwa pipa. Darubini ni pipa la kukingia nuru: kadiri kioo chake kilivyo kipana, ndivyo inavyokusanya nuru nyingi zaidi kutoka kwenye nyota zilizofifia.

Basi sababu ya kwanza ya darubini ni udogo wa mwanadamu. Ana hamu ya kuona, na jicho lake limefika mwisho. Soma Mithali 25:2 na Mhubiri 3:11. Mungu anasemwa kuwa huficha mambo, na kuyachunguza kunahesabiwa kuwa heshima kwa wafalme. Mhubiri anaongeza kwamba umewekwa ndani ya moyo wa mtu umilele, ingawa mtu huyo hawezi kuivumbua kazi yote ya Mungu toka mwanzo hata mwisho. Hamu na mpaka vimewekwa pamoja ndani ya kiumbe kimoja.

Kutoonekana kwa kitu si kutokuwepo kwake. Ni jambo gani katika maisha yako ya imani ambalo kwa muda mrefu hukuliona, kumbe lilikuwepo wakati wote?


JUMATATU

Uhuru Kutoka Pwani ya Malindi

Soma Zaburi 19:1–4. Mbingu zinafanya nini mchana na usiku? Sauti yake inafika wapi?

Daudi anasema kwamba mbingu zinatangaza, ingawa hazitumii maneno yasikikayo. Wanafalaki wa karne ya 20 waligundua kwamba sehemu kubwa ya tangazo hilo haikuwa ikiufikia uso wa dunia kabisa. Nuru ionekanayo kwa macho ni sehemu ndogo tu ya mionzi inayotoka kwenye nyota. Kuna mionzi ya joto, kuna mawimbi ya redio, na kuna eksirei, ile ile inayotumika hospitalini kupiga picha ya mfupa uliovunjika. Hewa huzuia eksirei zitokazo mbinguni. Kizuizi hicho ni rehema, kwa kuwa eksirei nyingi hudhuru mwili. Lakini rehema hiyo humfanya mwanafalaki aliye ardhini kuwa kama mtu aliye chini ya blanketi nene: analindwa, ila haoni.

Kwa muda wataalamu walirusha roketi zilizochungulia juu ya hewa kwa dakika chache tu na kuanguka. Mwaka 1962 roketi ya namna hiyo, iliyobeba vifaa vya kundi la Riccardo Giacconi, iligundua chanzo kikali cha eksirei nje ya mfumo wa jua. Kilichohitajika sasa ni kifaa ambacho kingebaki juu.

Kifaa hicho kilirushwa kutoka Kenya. Katika bahari karibu na Malindi, Waitalia walikuwa wameweka jukwaa la kurushia roketi lililoitwa San Marco. Mahali hapo ni karibu na Ikweta, ambapo mzunguko wa dunia wenyewe huisukuma roketi inayoelekea mashariki na kuipunguzia kazi. Tarehe 12 Desemba 1970, roketi iliondoka jukwaani ikiwa na setilaiti ya kwanza duniani kutengenezwa kwa ajili ya kupima eksirei za mbinguni. Siku hiyo Kenya ilikuwa ikiadhimisha miaka saba ya kujitawala, na kwa heshima ya wenyeji setilaiti ikaitwa Uhuru. Ni neno la Kiswahili lililoingia katika vitabu vya falaki vya ulimwengu mzima.

Uhuru ilifanya kazi hadi mwaka 1973. Orodha yake ya mwisho ilikuwa na vyanzo 339 vya eksirei, na vipimo vyake viliwaelekeza wataalamu kwenye kitu kinachoitwa Cygnus X-1, kitu cha kwanza kukubaliwa na wengi kuwa shimo jeusi, yaani kitu chenye mvutano mkali hata nuru haiwezi kutoka. Giacconi alipewa Tuzo ya Nobeli ya Fizikia mwaka 2002.

Nyingine zilifuata. Darubini ya Hubble ilirushwa tarehe 24 Aprili 1990 ikiwa na kioo cha upana wa mita 2.4. Picha zake za kwanza zilikuwa na ukungu. Ilionekana kwamba kioo kilikuwa kimesuguliwa vibaya pembeni kwa kiasi cha sehemu ya hamsini hivi ya unene wa unywele. Desemba 1993 wanaanga walipanda hadi ilipo na kuiwekea vifaa vya kusahihisha kasoro hiyo, kama mtu anavyovalishwa miwani. Darubini ya James Webb, iliyorushwa tarehe 25 Desemba 2021, inakaa kilomita milioni 1.5 kutoka duniani. Kioo chake cha mita 6.5 kimeunganishwa kwa vipande 18, na kazi yake kubwa ni kupokea mionzi ya joto iliyofifia. Kwa sababu hiyo hufichwa jua nyuma ya pazia la tabaka tano, lenye ukubwa wa uwanja wa tenisi, ili yenyewe ibaki baridi. Darubini yenye joto ingekuwa kama mlinzi anayetafuta mwanga wa kibatari huku yeye mwenyewe ameshika taa usoni.

Hewa inayomlinda mwanadamu ndiyo inayomzuia kuona. Ni ulinzi gani mwema katika maisha yako ambao wakati mwingine umekufanya usione hali ya wengine?


JUMANNE

Waliotumwa Kupeleleza

Soma Hesabu 13:17–20. Musa aliwapa wapelelezi maswali gani? Kwa nini watu wote hawakwenda wenyewe?

Musa hakuliingiza taifa zima katika nchi wasiyoijua. Aliwatuma watu wachache na maswali yaliyo wazi: nchi ikoje, udongo wake ukoje, miti imo au haimo, na waje na matunda. Chombo cha anga hutumwa vivyo hivyo. Hubeba maswali ya watu waliobaki nyumbani, na huenda mahali ambapo mwili wa mtu hauwezi kwenda, ama hauwezi bado.

Mfano mmoja ni sayari ya Zuhura, ile nyota angavu ya alfajiri na jioni. Kwa macho ni nzuri. Tarehe 15 Desemba 1970, siku tatu tu baada ya Uhuru kurushwa, chombo cha Kisovieti Venera 7 kilitua juu yake na kuwa cha kwanza kutuma habari kutoka kwenye uso wa sayari nyingine. Kilituma kwa dakika 23 kisha kikanyamaza. Joto lililopimwa lilikuwa nyuzi 475 hivi za Selsiasi, la kutosha kuyeyusha risasi. Hakuna mtu ambaye angerudi kusimulia.

Kizuizi kingine ni umbali. Voyager 2 iliondoka duniani tarehe 20 Agosti 1977, na Voyager 1 tarehe 5 Septemba mwaka huo huo. Wakati ulichaguliwa kwa makini, kwa kuwa sayari nne za nje zilikuwa zimejipanga kwa namna inayotokea mara moja katika miaka 176 hivi, na chombo kiliweza kutumia mvutano wa sayari moja kukisukuma kwenda nyingine. Mwaka 1979 picha za Voyager 1 zilionyesha volkano zikilipuka kwenye Io, mwezi mmoja wa Mshtarii. Voyager 2 ilifika Urani mwaka 1986 na Neptuni mwaka 1989, na hakuna chombo kingine kilichowahi kuzitembelea sayari hizo mbili.

Voyager 1 imekwisha kupita kilomita bilioni 24 kutoka duniani. Huenda kilomita 17 hivi kila sekunde, lakini kwa mwendo huo ingehitaji zaidi ya miaka 70,000 kumaliza umbali ulio sawa na ule wa nyota iliyo jirani zaidi na jua. Amri ikitumwa kwa redio, inachukua zaidi ya saa 22 kufika, na jibu huchukua muda kama huo kurudi. Novemba 2023 chombo hicho kilianza kutuma maneno yasiyoeleweka. Mafundi waligundua kwamba kipande kimoja cha kumbukumbu ya kompyuta yake kilikuwa kimekufa. Wakaigawanya programu iliyokuwa humo na kuihamishia sehemu nyingine nzima, wakituma kila hatua na kungoja karibu siku mbili kujua kama imefaulu. Aprili 2024 habari zinazoeleweka zikaanza kurudi tena.

Kila Voyager imebeba sahani ya dhahabu yenye sauti za dunia, pamoja na salamu katika lugha 55. Kiluganda ni mojawapo.

Soma sasa Hesabu 13:27–33. Wapelelezi wote 12 waliiona nchi ile ile, miji ile ile na watu wale wale. Waliotofautiana ni mioyo. Kumi walijiona kama panzi, na hofu yao ikalivunja taifa. Kalebu, na Yoshua pamoja naye (Hesabu 14:6–9), waliyaona mambo yale yale wakamkumbuka aliyewatuma. Ndivyo ilivyo hata leo. Picha moja ya anga humfanya mtu mmoja aseme kwamba mwanadamu hana thamani, na mwingine apige magoti. Chombo huleta habari. Maana ya habari hutegemea moyo unaoipokea.

Ukisikia jinsi ulimwengu ulivyo mkubwa, moyo wako huelekea kusema kama wale kumi au kama Kalebu? Eleza sababu.


JUMATANO

Mabilioni na Mkate

Soma Yohana 12:1–8 pamoja na Yakobo 2:14–17. Nani aliyeuliza swali la fedha Bethania, na kwa nia gani? Yakobo naye anaikemea imani ya namna gani?

Msomaji angeweza kumnyamazisha Sista Jucunda kwa kisa cha Bethania. Asifanye hivyo. Yohana anasema wazi kwamba Yuda hakuwajali maskini. Mtawa huyu alikuwa ameyatoa maisha yake kuwasaidia wenye shida, na swali lake linasimama upande wa Yakobo: mtu akiwa na njaa, maneno mazuri hayamshibishi, hata yakiwa maneno kuhusu nyota.

Stuhlinger hakulidharau swali hilo. Jibu lake, la tarehe 6 Mei 1970, linaanza kwa kumheshimu mwulizaji na kazi yake. Kisha alimsimulia kisa cha mtawala mwema wa mji mdogo wa Ujerumani, aliyewapa maskini sehemu kubwa ya mali yake. Mtawala huyo alimkuta mtu aliyekuwa akisugua vioo na kutengeneza vifaa vya kuonea vitu vidogo, akamchukua na kumlipa aendelee. Watu walinung'unika, kwa kuwa tauni ilikuwa ikiwaua nao waliona fedha zikipotea kwa mchezo. Mtawala alisema ataendelea kuwapa kadiri awezavyo, na pia atamtunza fundi yule. Katika kazi ya vioo ikatokea hadubini, ambayo baadaye iliwapa matabibu nafasi ya kuviona vijidudu vya magonjwa.

Aliongeza hoja nyingine: njaa ina pande mbili, kuzalisha chakula na kukigawa. Alitaja kwamba setilaiti zingeweza kusaidia kuchunguza mashamba, mvua na maji. Miaka miwili baadaye, Julai 1972, ilirushwa setilaiti ya kwanza ya mfululizo wa Landsat, iliyotengenezwa kwa ajili ya kuipiga picha ardhi. Baada ya njaa kubwa ya Ethiopia na Sudan ya miaka ya 1984 na 1985, uliundwa mfumo wa tahadhari ya njaa unaoitwa FEWS NET, ambao hutumia picha za setilaiti kuona mahali mvua imekosekana na majani yamekauka kabla watu hawajaanza kufa. Hata ukungu wa Hubble ulizaa tunda: mbinu zilizobuniwa kusafisha picha zake zilitumika baadaye kusaidia kutambua dalili ndogo za saratani ya matiti.

Gharama nayo ipimwe kwa haki. Darubini ya James Webb iligharimu dola bilioni 10 hivi, zilizotumika kwa zaidi ya miaka 20. Kwa hesabu ya taasisi ya SIPRI ya Sweden, mataifa yalitumia zaidi ya dola trilioni 2 kwa majeshi yao katika mwaka 2022 peke yake. Hiyo ina maana kwamba gharama yote ya darubini hiyo ilikuwa sawa na matumizi ya kijeshi ya ulimwengu kwa muda usiofika siku mbili. Anayetafuta mkate wa maskini ana mahali pengi pa kuutafuta kabla ya kufika kwenye darubini.

Hata hivyo hoja hizi zote hazimlishi mtoto wa leo jioni. Upande wa pili wa njaa, ule wa kugawa, hautengenezwi na setilaiti. Tahadhari ya ukame inaweza kufika mezani kwa mkubwa na kulala hapo. Picha huonyesha shamba lililokauka. Haimlazimishi mtu kufungua ghala. Ndiyo maana Kumbukumbu la Torati 15:11 haimwambii Mwisraeli achunguze kwanza, bali amfumbulie ndugu yake mkono. Mtawala wa kisa kile alipata haki ya kumtunza fundi wa vioo kwa sababu hakuacha kuwapa maskini.

Je, ni nani katika mtaa wenu ambaye swali la mtawa huyu ni lake leo? Darasa lenu linaweza kufanya nini kwa ajili yake kabla ya Sabato?


ALHAMISI

Mnara, Ramli na Nukta

Soma Mwanzo 11:1–9 na Obadia 4. Wajenzi wa Babeli walitaka nini? Kosa lao lilikuwa urefu wa mnara au kitu kingine?

Historia ya safari za anga haikuanza kwa kiu ya elimu peke yake. Roketi ya kwanza kubwa ya kisasa, V-2 ya Ujerumani, ilitengenezwa iwe silaha. Kuanzia Septemba 1944 iliua watu London na Antwerp, na wafungwa wengi walikufa wakilazimishwa kuiunda. Stuhlinger mwenyewe alikuwa mmoja wa wataalamu waliofanya kazi katika mradi huo kabla ya kuhamia Marekani. Muungano wa Kisovieti uliporusha Sputnik tarehe 4 Oktoba 1957, Marekani iliingiwa na hofu, na mashindano ya kwenda mwezini yakaanza. Mataifa yalitaka kujifanyia jina, kama wajenzi wa Babeli. Ukweli huu usifichwe.

Kuna na njia ya pili ya kupotea, isiyohitaji roketi. Soma Isaya 47:13 na Kumbukumbu la Torati 4:19. Biblia haikatazi kuzitazama nyota. Inakataza kuziabudu na kuziuliza habari za kesho. Falaki hupima nyota. Unajimu na ramli huzitumikia. Katika miji mingi ya Afrika Mashariki, mabango kwenye nguzo za umeme huahidi kusafisha nyota ya mtu ili apate kazi, mchumba au biashara. Walio na shida ndio wanaolipa. Hapa elimu ya kweli ni rafiki wa imani: anayejua kwamba Kilimia ni kundi la jua nyingi zilizo mbali mno, zenye kuenda kwa sheria zisizobadilika, haoni sababu ya kumlipa mtu azioshe.

Njia ya tatu ni ile ya Zaburi 8. Tarehe 14 Februari 1990, Voyager 1 ilikuwa karibu kilomita bilioni 6 kutoka hapa. Kabla kamera zake hazijazimwa ili kutunza umeme, iligeuzwa nyuma, kwa pendekezo la mwanafalaki Carl Sagan, ili iipige picha dunia. Dunia ilionekana kama nukta moja hafifu ndani ya mstari wa nuru. Bahari zote, milki zote na makaburi yote yalikuwa ndani ya nukta hiyo.

Daudi hakuwa na kamera, lakini aliuliza swali ambalo picha hiyo huliuliza: mtu ni kitu gani hata akumbukwe? Zaburi haiishii kwenye udogo. Fungu la 5 linamvika mtu huyo huyo utukufu na heshima, na la 6 linampa kazi ya kutawala kwa uangalifu viumbe vya Mungu. Mnara wa Babeli humfanya mtu ajione mkubwa kwa kupanda juu. Zaburi humwacha mdogo alivyo, kisha humwambia kwamba anakumbukwa.

Kifaa kimoja kinaweza kuwa mnara au zaburi. Katika kazi yako, masomo yako au huduma yako kanisani, unawezaje kutambua kwamba unajenga mnara?


IJUMAA

Jifunze Zaidi: Soma Isaya 40:21–31, Zaburi 139:7–12, Zaburi 147:3–5 na 1 Wakorintho 13:9–12.

Kupenda mambo ya mbingu si jambo geni kwa Waadventista. Joseph Bates, mmoja wa waanzilishi, alikuwa nahodha wa meli kabla ya kuwa mhubiri, naye alizoea kusafiri kwa kutazama nyota. Mwaka 1846 alichapisha kijitabu juu ya mbingu, ambamo alionyesha hamu kubwa ya wingu la nuru lililo katika Orioni, ambalo wengine walilifikiria kuwa uwazi. Darubini za leo zinaonyesha kwamba ni wingu kubwa la gesi na vumbi ambamo nyota zinafanyika. Tumaini la kurudi kwa Kristo halikupungukiwa na kitu. Jambo hili linafundisha kwamba imani isitundikwe mahali ambapo darubini imeshindwa kuona, kwa sababu darubini ya kesho itaona. Imani hukaa juu ya Yeye aliyefanya kinachoonekana na kisichoonekana.

Paulo aliandika kwamba kwa sasa mtu huona kama kwa kioo, kwa namna ya fumbo. Wanafalaki nao hutazama kwa kioo, na kioo chao kiliwahi kuwa na kasoro. Walichofanya kinastahili kuigwa: waliikubali kasoro, wakaipima, wakaisahihisha. Zaburi 147 nayo inaweka mambo mawili pamoja bila kuona shida: Mungu huponya waliovunjika moyo, na huihesabu idadi ya nyota. Barua ya Zambia iliuliza kama mambo hayo mawili yanaweza kukaa katika mikono ya wanadamu. Katika mikono ya Mungu yanakaa.

Maswali ya Kujadili:

1. Taja sababu zote za kuchunguza anga zilizotokea katika somo hili: haja, hamu ya kujua, usalama, fahari, mashindano, ibada. Ni zipi ambazo Maandiko yanazikubali, na ni zipi yanazikemea? Je, kazi iliyoanza kwa nia mbaya inaweza kuleta mema?

2. Kama ungekuwa Stuhlinger, ungemjibuje Sista Jucunda? Kama ungekuwa Sista Jucunda, jibu lake lingekuridhisha? Darasa na ligawanyike pande mbili, kila upande ujibu.

3. Kijana wa kanisa lenu anasema anataka kusoma falaki chuo kikuu. Wazazi wanaogopa kwamba atapoteza imani. Wazee wa kanisa watawaambia nini wazazi, na watamwambia nini kijana?

4. Jirani anataka kwenda kusafishiwa nyota kwa sababu amekosa kazi kwa muda mrefu. Utamsaidiaje bila kumdharau, na bila kusahau kwamba shida yake ni ya kweli?

5. Jioni hii, jua likiisha kutua, toka nje pamoja na watoto. Kama anga ni safi na ni majira yake, itafuteni Kilimia na mhesabu nyota mnazoziona. Kisha someni Zaburi 8 pamoja. Mlete darasani idadi mliyoipata, na swali moja ambalo mtoto aliuliza.